Fungua Boksi Kwanza

Nina ugomvi na mafundi wa kompyuta, na leo nitautoa hadharani. Kompyuta yako ikiganda, mshale umesimama na kibodi haijibu, ukaipeleka kwa fundi, atakutazama kwa huruma na kutamka neno moja: virusi. Kisha atafuta kila kitu, atapiga Windows upya, na kupokea fedha yake. Hajalegeza hata skrubu moja.

Yalinikuta mimi mwaka 2006. Ndani ya mashine yangu mlikuwa na masimulizi ya marehemu baba, niliyoyachapa usiku baada ya usiku kwa miaka 2 kutoka katika kaseti zilizokwisha kuanza kuharibika. Mashine ikaanza kuganda. Fundi akasema virusi, akafuta diski. Nilipomwuliza habari za masimulizi alinijibu, "Mzee, ungesema mapema." Baada ya siku 4 mashine iliganda tena, safari hii ikiwa tupu kabisa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba baba yangu alizikwa mara ya pili bila sababu yoyote.

Aliyeiponya hakuwa fundi wa kompyuta, bali mzee mmoja mtengenezaji wa redio. Alishika bisibisi, akaondoa ubavu wa boksi, akamulika tochi. Juu ya bodi kuu akanionyesha vikopo vidogo vilivyosimama kama ngoma: kapasita. Vitatu vilikuwa vimevimba vichwa, na kimoja kimevuja uchafu wa rangi ya kahawia. Wala haikuwa ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliingia katika kompyuta nyingi duniani, hata za makampuni yenye majina makubwa. Kazi ya kapasita hizo ni kutuliza umeme unaokwenda kwenye prosesa. Zikichoka, umeme huyumba, prosesa hukosea, na mashine husimama wima. Windows mpya itatibu nini hapo? Mzee alichomelea kapasita nyingine, na mashine haikuganda tena.

Kuganda ni dalili, si ugonjwa. Kosa hili tulikwisha kulifanya kwa homa: kila aliyepata joto tulimnywesha klorokwini, awe na malaria asiwe nayo. Fundi wa kweli huuliza kwanza: inaganda lini? Ikiwa ni baada ya nusu saa, na ikipoa inafanya kazi tena, shuku joto: feni iliyojaa vumbi, au ule ute wa kupitisha joto juu ya prosesa uliokauka. Ikiwa ni pale friji ya nyumbani inapoanza kunguruma, shuku umeme na pawasaplai. Ikiwa ni unapofungua faili, na diski inatoa mlio wa kugonga, shuku diski, tena acha kuichokonoa. Na ikiwa inaganda hata kabla Windows haijaanza kufunguka, kwa nini unaanza na virusi?

Tena kuna RAM, kadi za kumbukumbu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na Google walichapisha uchunguzi wao wa mashine nyingi za kampuni hiyo, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya kadi za kumbukumbu zilipata kosa katika mwaka mmoja. Kadi mbovu huivuruga mashine leo hivi, kesho vile, bila mpango. Programu ya kuipima, Memtest86, ipo tangu miaka ya 1990; huachwa ifanye kazi usiku kucha wakati fundi amelala. Kama kadi ni mbili, chomoa moja, jaribu, kisha chomoa nyingine. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Najua mafundi watanijibu. Watasema virusi vipo, na kweli vipo. Flashi zetu zimevisambaza vya kutosha. Watasema pia kwamba mteja hataki kulipia uchunguzi, anataka mashine yake leo leo. Hilo nalo ni kweli, na lawama hiyo naikubali kwa niaba yetu sote tunaosimama kaunta na kuhimiza. Lakini haraka ya mteja haimpi fundi ruhusa ya kuteketeza asichokijua. Hata kama ni virusi, kazi ya kwanza ni kunakili vilivyomo. Diski huweza kuchomolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Ni kazi ya bisibisi na subira.

Kikulacho ki nguoni mwako. Basi nawe msomaji, siku mashine yako itakapoganda na fundi akatamka lile neno lake, usimpe ruhusa ya kufuta. Mwambie afungue boksi kwanza. Akikataa, beba mashine yako uondoke. Kaseti za baba yangu hazisikiki tena.