ONYO LISILO NA KIPIMO NI HASARA KWA MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi wa Kiwanjani,

Kuna watu wanaotutisha, kisha wanakwenda zao. Leo twataka kusema juu yao.

Gazeti linaandika kwa herufi kubwa kwamba dawa fulani inaua. Redio inarudia. Kufika jioni habari imeingia katika kila simu, toka stendi mpaka soko la mifugo. Kesho yake mgonjwa wa presha anatupa vidonge vyake, na mama anamficha mtoto asichanjwe. Mwenye gazeti amekwisha uza gazeti lake. Sisi ndio tunaobaki na ugonjwa.

Tutazame mambo yaliyotokea kweli. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilikuwa ikiwachanja pepopunda wanawake wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wakatoa onyo kwamba chanjo ile imetiwa kitu cha kuzuia uzazi. Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha. Lakini swali lilikuwa limekwisha enea: mbona wanawake peke yao? Jibu lilikuwepo, nalo ni jepesi. Pepopunda huua watoto wachanga kwa kuingilia kitovu kilichokatwa kwa kitu kichafu, na mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga kabla hajazaliwa. Kama jibu hilo lingalitangazwa mapema katika kila mtaa, onyo lingaliwakuta watu wanajua.

Mwaka 2015 maaskofu wakataka watu wasusie chanjo ya polio mpaka ipimwe. Na ni mwaka 2013 tu polio ilikuwa imerudi Kenya, ikaanza kuonekana Dadaab, ikapata watu 14.

Hatugombani na dini ya mtu. Askofu ana haki ya kuuliza, na mchukuzi wa mizigo ana haki ya kuuliza. Tunalopinga ni shaka kutangazwa kama hukumu. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Je, ni nani anayeshika udongo na wanyama kila siku? Ni sisi: mjenzi aliyekanyaga msumari, mchungaji, mpakia mbuzi kwenye lori.

Wala si Kenya tu. Oktoba 1995 Uingereza ilitangaziwa kwamba vidonge vipya vya kupanga uzazi vinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda. Mara mbili! Wanawake wengi waliacha vidonge siku hizo hizo. Lakini mara mbili ya nini? Hatari yenyewe ilikuwa kama mtu 1 katika 7,000, ikawa watu 2 katika 7,000. Mwaka uliofuata wanawake waliotoa mimba huko wakaongezeka kwa maelfu. Na mimba yenyewe huleta hatari ya damu kuganda kupita vidonge vile! Neno lilikuwa la kweli, lakini lilitolewa bila kipimo, likadhuru.

Basi je, tunyamaziwe? Hasha! Mwenye kuficha ubaya wa dawa ni adui yetu vile vile. Aprili 2024 maabara ya Nigeria iliripoti sumu katika dawa moja ya kikohozi ya watoto. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya ikaamuru fungu nambari 329304 liondolewe madukani. Tangazo lilitaja dawa ipi na fungu lipi. Mzazi aliweza kusoma chupa yake na kujua la kufanya, bila kuogopa kila dawa ya hospitali. Hilo ndilo onyo la watu wazima.

Kwa hiyo twataka haya:

Kwanza, anayetangaza hatari ya dawa aseme ni watu wangapi katika wangapi, na ugonjwa wenyewe usipotibiwa huua wangapi.

Pili, habari ikionekana kuwa si kweli, masahihisho yatangazwe kwa sauti ile ile iliyotangaza hofu, na kwa Kiborana, Kisomali na Kiturkana pia.

Tatu, Serikali ieleze kabla ya kuchanja, isingoje kuulizwa.

Nne, tajiri ampe mfanyakazi ruhusa ya kwenda kumwuliza daktari bila kumkata mshahara. Mtu asiye na nafasi ya kuuliza ataamini simu yake.

Nanyi wanachama, hasa mnaokula dawa kila siku, za kifua kikuu, presha, sukari au UKIMWI: msiache dawa kwa neno la barabarani. Ulizeni kwanza. Dawa ya kifua kikuu ikiachwa nusu, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu ya kuishinda dawa, kisha ukawapata watoto nyumbani na wenzenu kazini.

Hatukubali mshahara bila kuuhesabu. Basi na hofu tusiikubali bila hesabu.

Umoja ni nguvu!