Mtoto wa mama fua alelewe wapi?

Kabla ya saa moja asubuhi, akina mama wa Kawangware na Gatina huwa njiani kwa miguu kuelekea magorofa ya Kileleshwa, kufua na kulea watoto wa wenyewe. Wanao wamebaki kwa jirani: chumba cha mabati, mkeka, uji ndani ya chupa ya soda. Ada ya siku ikikosekana, mama hukosa kazi.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti vituo vya malezi, na Nairobi ikatunga sheria yake mwaka wa 2017. Karatasi tunazo. Mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023, ulionyesha kwamba City Hall ikitaka inaweza: sahani ya chakula kwa shilingi 5. Lakini sahani hiyo humsubiri mtoto shuleni. Wa miezi minane je?

Kileleshwa, Kawangware na Gatina ni wadi za eneobunge moja, Dagoretti Kaskazini. Kila ghorofa linaloota Kileleshwa hulipiwa kibali kwa kaunti. Gavana Sakaja na wawakilishi wadi watenge sehemu ya fedha hizo, wajenge kituo cha umma karibu na wanakoishi akina mama hawa, na kifunguliwe alfajiri, si saa mbili.