Soko huria, huria kwa nani?

Ukiwasikiliza wakubwa wakiusifia utandawazi utadhani ni mvua, inamnyeshea kila mtu sawasawa. Tushindane, wanasema. Haya, tushindane. Lakini mlalahoi aliyeishia darasa la saba anashindana na nani, na sheria za mchezo kaandika nani?

Chukua nguo. Baada ya uhuru Tanzania ilijenga viwanda: Urafiki pale Ubungo, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma. Tusidanganyane, vilikuwa na matatizo yake: mashine chakavu, vipuri vya kuotea, uongozi wa kubahatisha. Lakini viliajiri maelfu ya watu wasio na cheti chochote. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja "ruksa". Mitumba ikamiminika, vitambaa vya bei chee kutoka Asia vikafuata, na viwanda vikazidi kudhoofika.

Msinielewe vibaya. Mitumba imetuvisha, mimi nikiwemo, na imewapa riziki vijana wa Karume, wa Gikomba kule Nairobi na wa Owino kule Kampala. Ila mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na mshahara, likizo na mafao ya uzeeni. Machinga ana mtaji wa kukopa na mbio za kuwakwepa mgambo.

Sasa sikieni kichekesho. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nasi tukatishiwa kutolewa AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ikashikilia msimamo. Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Huo ndio uhuru wenyewe? Ukikataa nguo kuukuu za mwenzio unaadhibiwa! Na shati la mtumba linavuka bahari bila kuulizwa viza, wakati mfanyakazi liliyemnyima kazi hana ubalozi wa kumsikiliza.

Sisemi tufunge mipaka wala tupige mitumba marufuku kesho asubuhi. Tutakuwa tumemuumiza mlalahoi yule yule mara ya pili. Ninachosema, kabla ya serikali kusaini mkataba wowote wa biashara, itueleze wazi nani atapoteza kazi, atalipwa nini na atafundishwa ufundi gani. Na pamba ya Shinyanga na Simiyu, ambayo nyingi inauzwa nje bila kusokotwa, ifike viwandani kwetu kwanza.

Faida ya biashara huria tunatangaziwa kila siku. Tuanze kudai na hesabu ya hasara, pamoja na jina la atakayeilipa.