Mtoto na upinde: hofu yetu ni ya haki, lakini tumeielekeza pasipo

Jumamosi moja mwezi wa Shaaban, mama mmoja alinifuata uwanjani, vumbi limemjaa kwenye buibui. Hakukaa. "Mwalimu, nasikia mwanangu wamfunza kulenga. Alenga nini?" Nikamwonyesha: magunia yaliyoshindiliwa matambara ya mitumba, mbele yake karatasi yenye duara za manjano, nyekundu, buluu, nyeusi na nyeupe. Akaitazama. "Leo ni gunia, mwalimu. Kesho je?"

Mimi si askari. Kazi yangu ya kutafuta riziki ni ya ofisini, na mwaka wa pili sasa najitolea kufundisha vijana wa mtaa wetu hapa Kisauni mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde. Tuna pinde sita, mbili zimezungushwa tepu. Hakuna mshahara. Na swali la mama yule ndilo naulizwa karibu kila mwezi, hata msikitini.

Sitalidharau. Tangu Mpeketoni mwaka 2014, Mwislamu kijana wa Pwani akishika chochote kinachofanana na silaha, hutazamwa kwa jicho jengine. Wapo waliovukishwa mpaka wa Somalia kwa ahadi za uongo. Wapo waliochukuliwa usiku na mpaka leo mama zao wangali wauliza. Mzazi aliyeyaona hayo ana haki ya kuogopa. Nami nina hofu hiyohiyo, kwa kuwa nina watoto.

Lakini naomba tutazame kile kinachofundishwa. Filimbi mbili: sogea kwenye mstari. Filimbi moja: anza. Filimbi tatu: acha, weka upinde chini, kisha nyote mwende mkachukue mishale. Filimbi tano au zaidi: kuna hatari, kila mmoja ashushe upinde papo hapo. Kanuni hizi sikuzitunga mimi, ni za mchezo wenyewe, na hutumika hadi kwenye mashindano ya dunia. Kwangu, anayemwelekezea mwenziwe upinde, hata bila mshale na hata kwa mzaha, siku hiyo huenda nyumbani. Nimewarudisha wengi, na wengi wakarejea wametulia.

Na jambo hili si geni katika dini yetu. Maswahaba walilenga, na Saad bin Abi Waqqas asifika kwa shabaha. Ila hadithi ambayo mimi huanza nayo kila nikipata mwanafunzi mpya ni ile ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuamrisha kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aikamate vyumani, asije akamjeruhi mtu. Kabla ya kusifiwa kulenga, kuna kumlinda jirani. Huo ndio mtaala wangu wote.

Bunduki hazimo. Nchini kwetu bunduki ina sheria na leseni yake, na uwanjani kwangu haiingii. Najua vijana waliipenda sana ile picha ya Mturuki Yusuf Dikeç kwenye Olimpiki ya Paris 2024, bastola mkono mmoja, mwengine mfukoni, kisha medali ya fedha. Huwauliza: mwajua alikuwa na miaka mingapi? Alikuwa na 51. Ile mliyoiona ni subira ya miaka mingi, wala si ujanja wa siku moja. Tena huwakumbusha wasichana kwamba aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa mlenga mishale, Shehzana Anwar.

Sasa nirudi kwa hofu yetu. Twaogopa upinde ulio uwanjani, mchana, mbele ya mtu mzima mwenye filimbi. Panga je? Huku kwetu kuna magenge ya watoto wa miaka 15 yanayowakata watu wakitoka kazini. Nao wana mwalimu wao. Hakuombi idhini ya mzazi, hapulizi filimbi, na yuko pembe ya mtaa kila jioni, siyo Jumamosi tu. Sisi watu wazima tukijitoa kwa kuogopa maneno, yeye hajitoi.

Sidai kwamba upinde utamaliza magenge. Nina vijana wasiofika 20. Lakini mmoja wao, ambaye zamani alikuwa hakosi kwenye ile pembe, nilimwuliza kigumu ni kipi katika mchezo huu. Akaniambia si kuachia mshale. Kigumu ni kuurudisha polepole ukiwa umeshavuta, filimbi ikilia.

Mama yule alirudi wiki iliyofuata, akakaa chini ya mwarobaini saa nzima. Hakuniambia kama ameridhika, ila mwanawe bado yuaja.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa watu watatu. Kaunti: Katiba ya 2010 imewapa nyinyi jukumu la michezo na viwanja. Hatuombi uwanja wa mpira, twaomba kipande chenye ukuta nyuma, mshale usipite. Maimamu: semeni kuhusu malezi ya mikono ya vijana, siyo ya ndimi zao tu. Na wazazi: msimtume mtoto peke yake kisha mkalala na wasiwasi. Njooni mkae kama alivyokaa yule mama. Mkiona kitu kisichowaridhisha, semeni palepale. Filimbi ya tano si ya mwalimu peke yake.

Wabillahi tawfiq.