Ramani za mambo ya kale zirudi Meru na Embu

Mashamba ya Mbeere yanagawanywa, barabara zinapanuliwa, machimbo ya mawe na mchanga yanaongezeka. Tingatinga likifika mahali penye mavi ya chuma na vigae vya vyungu vya wafua chuma wa zamani, nani atalisimamisha? Chifu hajaambiwa, na ramani ya mpima ardhi inaonyesha mipaka ya ploti tu.

Habari za maeneo ya kale nchini zinawekwa, lakini zinawekwa mbali. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana rejista ambamo kila eneo hupewa msimbo. Katika kilima cha Lukenya, kwa mfano, kuna eneo lenye msimbo GvJm22. Tangu 2020 mradi wa MAEASaM, unaoratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, unatumia picha za setilaiti na kumbukumbu za zamani kuorodhesha maeneo yaliyo hatarini katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Ni kazi njema na tunaiunga mkono. Tunachodai ni kwamba matokeo ya kazi za namna hii yafike mezani kwa afisa anayetia saini kibali cha ujenzi kule Siakago au Maua.

Katiba imeacha mwanya hapa. Jedwali la Nne linaipa serikali kuu maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti linazipa majumba ya makumbusho. Kilima chenye vigae ambacho hakijatangazwa kuwa cha kitaifa huweza kubaki bila msimamizi wa karibu. Katika hifadhi ya wanyama ya Lewa, kwenye mashoka ya mawe ya kale mno, angalau kuna ua na askari wa hifadhi. Shamba la Tharaka halina.

Hatusemi kila kitu kianikwe. Vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za kuwakumbuka wafu, viliibwa vikauzwa hadi Marekani, na mwizi akipewa vipimo kamili atafika upesi kuliko mlinzi. Kwa mahali kama Nchiru kwenye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, au kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, wazee ndio waamue nani aonyeshwe nini. Ofisi ya ardhi inaweza kujua kwamba eneo fulani haliguswi bila kutajiwa mti wenyewe wa matambiko.

Wataalamu nao watafaidika. Setilaiti huona shimo kwenye mteremko wa Mlima Kenya. Mzee wa Embu atakusimulia habari za Agumba, watu wa kale wanaosemekana kuwa waliishi katika mashimo kama hayo. H.S.K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee na 1973 akachapisha historia ya Waembu na Wambeere. Majina ya vilima, mito na koo yaliyohifadhiwa kwa njia hiyo yanapaswa kuunganishwa na vipimo vya leo, na wenyeji wawe na njia ya kusahihisha palipoandikwa vibaya. Jina likikosewa kwenye mfumo wa kompyuta, kila atakayenakili atarudia kosa lile lile.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 tayari inamtaka mchimbuaji awe na leseni. Leseni hiyo iwe na sharti moja la wazi: kabla ya kufunga kazi, nakala ya data ikabidhiwe Makumbusho ya Meru na ofisi za utamaduni na ardhi za kaunti husika. Iwe katika faili linalofunguka hata pasipo intaneti, pamoja na ramani ya karatasi kwa kila wadi, na majina ya mahali yaandikwe kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere.

Kaunti nazo zisipokee na kufungia kabatini. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wawakilishi wa wadi wa Meru na Embu watenge katika bajeti yake mshahara wa afisa mmoja wa kumbukumbu za urithi kwa kila kaunti, na mpango wowote wa barabara au ugawaji wa ardhi upitie kwake kabla ya tingatinga kuwashwa.