Tusinunue msibani

Nianze na hoja yenyewe. Mkusanyaji wa vitu vya kale anapofariki, watu wa kuogopwa zaidi na familia yake ni sisi wakusanyaji wenzake. Mwizi hajui kilichomo mkebeni. Dalali wa mjini anabahatisha. Sisi tunajua, tena tunajua kimoja kimoja, na mara nyingi kuna kile kimoja tulichokitamani miaka na mwenyewe akikataa kukitoa. Kwa hiyo nasema tuwe na mwiko: hatununui msibani, na mie msiba nauhesabu mpaka siku warithi watakapojua wanarithi nini.

Naandika haya kwa sababu mwezi wa Rajabu tulimzika mwenzetu, Kengeja. Jina lake siliandiki, familia haikupenda litoke gazetini, na Kengeja nzima inamjua, sioni hasara. Sote tukimwita Babu. Alikuwa fundi cherehani, ana miaka 70 na kitu na mie nina 22, lakini kwenye jambo la sarafu hakuna mkubwa na mdogo. Ukimpelekea asiyoijua alikuwa anakaa kitako kukusikiliza kama mwanafunzi. Kikundi chetu hakina jina wala katiba. Tulikuwa tisa pamoja naye: wanafunzi wanne wa hapa chuoni, mwalimu mmoja mstaafu, fundi saa wa Chake, na wengine wawili wa Mkoani na Mtambile. Watu wakisikia Kengeja wanafikiria mchezo wa ng'ombe. Sisi tulikuwa tunafikiria kibanda cha cherehani.

Niruhusuni nieleze kidogo alichokuwa anakijua, maana bila hicho hoja yangu haisimami.

Chukua riali ya Maria Theresa. Ni kipande kikubwa cha fedha, gramu 28, kina picha ya malkia wa Austria na mwaka 1780. Anayeikuta leo kwenye kisanduku cha bibi yake anapiga hesabu haraka haraka: zaidi ya miaka 240! Kumbe 1780 ndio mwaka aliofariki malkia huyo, na sarafu ikaendelea kupigwa kwa mwaka ule ule, karne ya 19 na ya 20, Vienna na baadaye hata London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni, wa Uhabeshi na wa pwani yetu walikuwa wameizoea na kuiamini hiyo. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukwambii umri wake. Zamani watu walihesabu lulu kwenye picha ya malkia kabla ya kuipokea, wasije wakapewa ya bandia. Babu akizihesabu mpaka mwisho wake, kwa ncha ya sindano, huku mteja anasubiri kanzu.

Au senti za tundu, na hapa ndipo vijana wanapopigwa. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na mfalme Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja akaacha ufalme. Kwao hazikuwahi kutolewa sarafu zenye picha yake kwa matumizi ya kawaida. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zina tundu katikati, hapana pa kuweka kichwa cha mtu, jina tu lilitosha, basi zikapigwa. Na 1936 ndio mwaka Zanzibar ilipoacha rupia yake ikaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki. Uvumi unaozunguka kwenye simu zetu unasema senti ya Edward ni mamilioni. Uongo mtupu. Zilipigwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Wakati huo huo senti za 1908 za Sultan Ali bin Hamud, zile zenye mnazi, watu wanazipita kwa kuwa nyeusi na hazina hadithi yoyote kwenye simu. Hizo ndizo adimu, hasa ya senti 10 na ya senti 20.

Sasa mtazame mrithi ambaye hakuelekezwa. Ataikumbatia ya Edward kwa mikono miwili, na ya mnazi ataitoa iwe nyongeza.

Ndivyo ilivyokaribia kuwa. Usiku wa msiba kikundi chetu cha simu kilijaa inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na nina hakika kila aliyeandika aliandika kwa uchungu. Wengine walilia kwenye maziko, niliambiwa na wanaume waliokwenda makaburini. Siku ya tatu, hitma imesomwa asubuhi, jioni yake nikapata ujumbe wa pembeni kutoka kwa mmoja wetu: "Pole sana. Hivi ule mkebe wa biskuti uko kwa nani?" Simtaji, na wala simwoni mtu mbaya. Alimpenda Babu kweli. Ila kaona kuna mlango umefunguka, akaogopa mwingine asije akatangulia.

Aliyetangulia alikuwa mtu wa duka la vitu vya kale kutoka mjini. Huyo aliambiwa na nani, Mungu ndiye anayejua. Bibi yuko eda, miezi minne na siku kumi, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Kwa hiyo bwana yule akakaa barazani na kumtuma kitoto ndani na salamu za rambirambi na bei ya mkebe mzima kwa jumla. Mie nilikuwa ndani, nimekwenda kumsaidia kazi za nyumba. Alizisifu senti za tundu, akasema kwa ajili ya hizo tu ndio anatoa pesa nyingi hivyo. Hiyo inanionesha anaijua kazi yake. Mtu anayetaka ya mnazi huisifu ya tundu.

Bibi akaniuliza: "Mwanangu, wewe na yeye mlikuwa mkikaa na vitu hivi. Hebu nambie, nimpe?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Kwa sababu jibu langu, lo lote lile, lilikuwa na maslahi ndani yake. Mie pia naitamani senti 20 ya mnazi. Nikisema "usimpe" bila kusema kwa nini, nimemfukuza mnunuzi ili nibaki peke yangu. Nikisema "mpe", nimemdhulumu yeye na watoto wake. Kilichobaki ni kumwambia kila ninachokijua, sarafu moja baada ya moja, pamoja na kwamba ipo moja ninayoitaka.

Kuna wenzangu hapa chuoni wananibishia. Wanasema biashara ni biashara, muuzaji ana akili zake, na siku hizi mtu anaweza kutafuta bei kwenye intaneti. Sawa, mpelekee basi mjane wa miaka 68 simu yako atafute "sarafu ya kale Zanzibar" uone atakachokipata: matapeli wale wale wa mamilioni ya Edward. Na kuna hoja nzito zaidi kuliko ya bei. Ule mkebe haukuwa wa Bibi kuuza peke yake. Maiti akishazikwa na madeni yake yakalipwa, mali ina wenyewe: mke mwenye watoto ana thumuni yake (neno lile lile wazee wanalotumia kwa senti 50, na asili yake ni moja, fungu la nane), kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Hutagawa kwa haki kitu usichojua thamani yake. Mtoto akipewa sarafu kumi na mwenzake kumi, kwa macho wamelingana, kumbe mmoja kapewa chenji na mwingine kapewa mali. Anayenunua kabla ya hapo anaingiza mkono wake kwenye mirathi ya watu.

Mwenzangu mwingine, yeye anasoma historia, anasema vitu kama hivi si vya kugawana kabisa, viende makumbusho. Namheshimu, na kwenye jambo moja Babu mwenyewe angekuwa upande wake. Sarafu ya kuchimbwa alikuwa hainunui. Ukija na kipande cha kijani chenye udongo anakuuliza umekitoa wapi, na ukitaja magofu anakurejeshea. Akitoa mfano wa Mtambwe Mkuu, kule upande wa Wete. Mwaka 1984 waakiolojia walifukua pale sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa pwani yetu wa karne ya 11, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo. Kwa kuwa zilifukuliwa zikiwa pamoja, mahali pake, na wanaojua, leo mwanafunzi wa skuli anaweza kufundishwa kwamba karibu miaka 1,000 iliyopita Pemba ilikuwa na fedha yenye majina ya watawala wa huku huku. Zingeibuliwa na mtu mwenye jembe na kuuzwa moja moja, zingekuwa bangili kwa sonara.

Lakini sarafu iliyorithiwa kwa bibi, au iliyonunuliwa kwa halali kibandani, ni mali ya mtu. Mtu huyo akitaka kuipeleka Makumbusho ya Pemba pale Chake, ruhusa, na anaweza kuusia mpaka thuluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi. Babu hakuacha wasia. Hatuwezi sisi kuwa wakarimu kwa mali ya mayatima halafu tukaita kupenda historia. Na tusijidanganye kwamba kitu kikishaingia jengo la serikali kimepona. Beit al-Ajaib liliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 mchana kweupe, likaua watu wawili.

Tulichofanya ni hiki. Mtu wa duka alirejeshewa salamu kwamba hakiuzwi kitu. Mwalimu mstaafu na fundi saa walikuja Kengeja Jumamosi mbili, wakakaa barazani na watoto wakubwa wa marehemu, mkebe ukamwagwa juu ya jamvi. Wao wakithamini, mie naandika, na orodha nikaingia nayo ndani kumsomea Bibi. Kabla ya kuanza fundi saa alisema neno moja ambalo natamani liwe ndiyo katiba yetu tusiyokuwa nayo: anayethamini hanunui. Leo wala kesho, wala kwa kumtuma mtu. Kwa hiyo wao wawili wamejitoa. Na mie nimejitoa, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Senti 20 ya mnazi ataipata mwingine. Inaniuma, sisemi uongo.

Ila mkebe haukuwa ndio hazina. Chini ya cherehani kulikuwa na daftari la kurasa nyingi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri wa mtu aliyesoma chuoni kwa maalim. Kila sarafu ina mistari yake: imetoka kwa nani, lini, na mwenyewe alisema nini. Kuna pesa ya Barghash, ile ya shaba yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria. Sokoni hiyo ni kitu cha kawaida, unaipata popote. Daftari linasema ilitoka kwa bibi mmoja wa Mwambe aliyeachiwa na mama yake, nayo ilikuwa ikifungwa kwenye ncha ya kanga kila anapokwenda kuchuma karafuu. Riali moja ilikuwa mahari. Senti moja ya 1908 imeandikwa: "Nimepewa, sikununua, nisiiuze." Dalali wa mjini hakuliulizia daftari. Wala yule mwenzetu wa ujumbe wa pembeni hakuliulizia. Lingebaki pale lingekuwa la kufungia karanga.

Nasoma ualimu, na kila muhula tunahimizwa kutengeneza vifaa vya kufundishia kutokana na mazingira. Tunakata maboksi. Nadhani ukurasa mmoja wa daftari lile na pesa moja ya shaba vinafundisha uchumi wa karafuu vizuri kuliko maboksi yote tuliyoyakata tangu mwaka wa kwanza. Hilo nitalirudia siku nyingine.

Kwa leo ninao ujumbe kwa wenye mikebe, nanyi mpo humu mabwenini, wa sarafu, wa stempu, wa santuri, mpaka yule wa funguo za zamani. Andikeni mlichonacho na mlikokipata, kwa hati inayosomeka, na muoneshe mtu mmoja nyumbani pale mnapokiweka. Kifo hakingojei mtu astaafu. Na mwenzenu akitangulia, nendeni msibani mikono mitupu na mrudi mikono mitupu. Ulizieni daftari kwanza. Bei itakuja wakati wake, na ikija iwe mbele ya warithi wote, isemwe na mtu ambaye hatanunua.

Watoto wamekubaliana kutogawa mpaka eda ya mama yao iishe. Daftari wameniruhusu nilipige picha na kulinakili kwa herufi za Kilatini, nakala moja iwe yao na moja ya maktaba yetu. Nimefika nusu. Maandishi ya kurasa za mwisho ni mazito, mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, na maneno mengine ni ya Kipemba cha zamani ambayo hata mama yangu anayakisia. Anayesoma vizuri Kiswahili cha herufi za Kiarabu na ana Jumamosi mbili za kutoa anitafute darasani, ualimu mwaka wa tatu. Nauli ya kwenda Kengeja kila mtu anajilipia.