Filamu Isituvunjie Ujirani

Natumai umeshiba chakula cha mchana na sasa umejinyoosha kitini, gazeti mkononi, huku watoto wakipigania runinga. Kama ndivyo ilivyo kwenu, basi ya leo yanakuhusu.

Wiki mbili zilizopita, wavulana wawili walianza kubishana sebuleni mwangu hapa Nakuru. Mmoja ni mwanangu, mwingine ni mwana wa jirani, na wote wako kidato cha nne. Ubishi wenyewe ulianza kwa mzaha. Wa jirani alidai kwamba filamu ya The Lion King ilipigwa picha Hell's Gate, pale Naivasha. Wangu akasema huo ni uongo mtupu. Sauti zikapanda hadi nikatoka jikoni.

Kumbe kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ukweli. Filamu hiyo ya mwaka wa 1994 ni ya michoro, kwa hivyo hakuna kamera iliyowafuata simba popote. Hata hivyo, wachoraji wake walizuru Hell's Gate wakatazama majabali na mabonde kabla ya kuchora. Dakika tano za kuuliza zingetosha kuumaliza ubishi. Lakini walipoanza kuteta kama ile ya 1994 ni tamu kuliko ile ya 2019 iliyotengenezwa kwa kompyuta, niliwaacha. Hayo ni ya ladha, na ladha haina hakimu.

Laiti wangeishia hapo! Usiku waliendelea kwa simu, kila mmoja kitandani kwake, wakahamia filamu ya The First Grader. Bila shaka unaikumbuka. Ilitoka mwaka wa 2010, mwelekezi akiwa Mwingereza Justin Chadwick, na inamhusu Mzee Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau. Mzee huyo alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kuanzisha elimu ya msingi bila malipo.

Mwanangu alisifu uigizaji wa Oliver Litondo. Mwenzake akasema kuwa haikufaa Naomie Harris, mzaliwa wa London, aigize mwalimu wa Kenya. Mpaka hapo hapana ubaya. Kisha mmoja wao, nisiseme nani, akaandika: "Nyinyi watu mnaipenda kwa sababu inawasifu nyinyi." Mwenzake akamjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa huu wa familia. Asubuhi walipishana langoni bila salamu.

Msomaji, maneno mawili hayo, "nyinyi watu", yalinitia baridi mwilini. Mwishoni mwa Januari 2008, mji huu ulipokuwa ukiwaka, mama wa kijana yule ndiye aliyetufungulia mlango wake usiku, ijapokuwa lugha ya kwao si ya kwetu. Mzee Maruge mwenyewe alifurushwa kwake na ghasia hizo hizo, akaishi kambini kabla ya kuhamia Nairobi. Alifariki Agosti 2009, filamu ikiwa bado haijatoka. Wavulana hawa walizaliwa moto ukiwa umekwisha kuzimwa. Hawajui jinsi cheche inavyofanana na mzaha.

Niliwaita wote wawili, nikawawekea chai, nikawaambia tuyagawe maneno yao katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni cha mambo yanayoweza kuthibitishwa: mwaka, mahali, nani aliigiza, nani aliongoza. Haya hayabishaniwi, bali huulizwa na kutafutwa. Ukikosea, sema umekosea, chai haitapoa.

Cha pili ni cha maoni: filamu ni tamu, inachosha, mwigizaji fulani hakufaa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anza kwa kusema "mimi naona", halafu utoe sababu kutoka ndani ya filamu yenyewe. Kwamba Naomie Harris alizaliwa London ni la kikapu cha kwanza. Kwamba hakufaa ni la cha pili. Usilivike la pili nguo za la kwanza.

Cha tatu ndicho kikapu cha nyoka. Humo mna madai kuhusu moyo wa mwenzako: unaipenda kwa sababu ya kabila lako, unaichukia kwa sababu una wivu. Maneno haya hujifanya ukweli, ilhali msemaji hana ushahidi wowote. Hayahusu hata filamu tena. Ukijikuta unataka kuandika "nyinyi watu", weka simu chini ukanywe maji. Na wewe mzazi, usingoje kidonda kioze. Mwulize mwanao leo jioni anabishania nini, na kwa maneno gani.

Aliyeandika "nyinyi watu" aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Mwenzake naye akaomba yake. Sikudai zaidi.

Juzi mwana wa jirani alibisha hodi. "Mama," akaniambia, "nimetafuta. Ile miaka 84 ya Mzee Maruge alipoingia shuleni ni hesabu yake mwenyewe. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Sasa hiyo tuitie kikapu gani?"

Mwanangu akamjibu kutoka ndani: "Cha kwanza, lakini sema ni nani aliyesema!" Wakacheka, wakaketi, wakaendelea kubishana. Mimi nikarudi jikoni kwangu kwa amani.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.